Tangazo la Bei Nafuu la Mama Kahambu

Mtu akikwambia kwamba Mama Kahambu wa mtaa wa Katuba ni bahili, mkatalie palepale. Bahili ni mtu aliye nacho akakificha. Kahambu hakuwa nacho. Alikuwa na sufuria mbili kubwa, viti kumi na viwili vya plastiki, mwiko wa mti aliotoka nao Butembo, na chumba kimoja cha mbele kinachotazama barabara ambayo hata mbuzi hapiti ila amepotea. Humo ndani aliuza maharagi.

Na maharagi gani hayo! Usifikirie yale ya haraka haraka, yanayoelea kwenye maji kama yameanguka humo kwa bahati mbaya. Kahambu aliyaweka motoni kabla ya jogoo, akayaacha yachemke polepole kwa makala kidogo, ndiyo makaa, kisha akayatia vitunguu, majani ya poaro yanayonukia kama kitunguu, na mafuta ya mawese kiasi cha kubadili rangi tu. Akayapakua kando ya bukari, yaani ugali, ya moto. Mtu aliyeanza kuyala akiwa na maneno mengi alinyamaza, na akimaliza aliutazama mwiko. Shida ni kwamba watu wa kunyamaza hivyo walikuwa wachache mno. Siku nzuri walifika sita. Siku mbaya alikula yeye na jirani yake Albertine, wakitazamana.

Wengine wote walikula kule kituo cha magari, kwa sababu ndiko wanakoteremka wakitoka mjini, na mtu mwenye njaa hatembei barabara nne kumtafuta mama asiyemjua. Kahambu alikuwa mgeni. Miaka miwili Katuba, na bado wauza mboga walimwita "ule mama wa Butembo," kama kwamba Butembo ilimzaa mtu mmoja tu.

Chumba chenyewe hakikuwa chake. Kilikuwa cha shemeji yake Émile, kaka mkubwa wa mume wake Édouard. Émile alikuwa na duka la jumla huko mjini, la magodoro na blanketi, na alikuwa mtu wa kufuli: anafunga, anavuta kuhakikisha, anaondoka hatua tatu, anarudi kuvuta tena. Mwanzo wa mwezi alifika akasimama mlangoni, kwa maana Émile hakai.

"Shemeki," alisema, "miye sina mubaya na weye. Lakini magodoro yangu inalala mu couloir ya duka, panya inafanya humo maternité, inazaa tu. Mwisho wa mwezi, kama chumba iko vile vile, bila bantu ya kula, nitaweka magodoro. Usikasirike."

"Sikasiriki, shemeki," Kahambu akajibu, na hasira imemjaa hadi kwenye masikio.

Kwa nini asikasirike? Kwa miaka kumi na moja alikuwa amemfuata Édouard na lori lake: Butembo, Kisangani, Kolwezi, halafu huku. Kila mahali aliishi uani kwa mtu, akaazima jiko la mtu, akakaa kusikiliza honi ya lori ili ajue mume amerudi. Chumba kile kilikuwa kitu cha kwanza maishani mwake ambacho mtu alibisha hodi akimtafuta yeye, si Édouard. Hata kama waliobisha ni sita. Magodoro yakiingia mle, yeye angerudi kuwa mke wa dereva, na hilo hakulitaka hata kuliota.

Basi akajifunga kibwebwe. Kwanza aliweka picha za maharagi kwenye WhatsApp. Zilipendwa sana! Watu wakatuma mioyo, wakatuma vikono vya makofi, shangazi yake akalia kwa furaha. Lakini namba zake karibu zote zilikuwa za Butembo, na toka Butembo hadi Katuba kwa ajili ya sahani moja, hata uwe na njaa namna gani, ni mbali. Kisha akachora mshale ukutani mwa kona kwa rangi iliyobaki ya lango. Mvua ya usiku huohuo iliutelemsha, ukawa unaelekeza mtaroni.

Albertine ndiye aliyempa akili. Albertine alizaliwa hapahapa Katuba, wazee wake walitoka Kasai zamani za reli, na mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu siku ya ubatizo.

"Mama Kahambu, weye unapika vizuri lakini unapika kwa siri!" alimwambia, mikono kiunoni. "Yesu mwenyewe alitumaga Yohana mbele, afanye publicité, amutangaze mu jangwa. Weye ni nani ukae kimya? Fanya fête, karamu. Siku moja, bantu bakuye baonje bure, kasahani kadogo kadogo. Wakionja watarudi na mifuko."

"Fête na nini, Albertine? Na hizi sufuria mbili?"

"Na vitu vya bure! Turubai iko ku parokia. Viti iko ku parokia. Guelor wa ku parokia na chorale yake, ile kwaya ya bamama, utabalipa maharagi. Weye utalipa tangazo tu, na tangazo moja haiui muntu."

Haiui mtu. Ndivyo alivyosema, na mwenyewe mpaka leo hapendi kukumbushwa.

Basi ikapangwa Alhamisi, siku ambayo Émile naye alisema atapita mchana kukitazama chumba kwa mara ya mwisho. Kahambu alikwenda kwa Plamedi, kijana mwenye kibanda cha kuchapisha picha karibu na soko. Plamedi anachapisha mialiko ya ndoa na kadi za ubatizo, lakini kazi yake kubwa ni matangazo ya misiba, kwa maana Katuba watu wanaoana wakipata nafasi, ila wanakufa hata bila nafasi. Siku hiyo alikuwa na misiba mitatu mezani na kalamu mbili masikioni.

"Nataka tangazo," alisema Kahambu. "Kubwa. Lakini bei ikuwe ndogo."

"Couleur, ya rangi, ao noir et blanc, nyeusi na nyeupe?"

"Gani iko bei ya chini?"

"Noir et blanc, mama. Tena sana."

"Basi hiyo."

"Nichore dessin mupya, ao nitumie modèle yenye iko mu machine?"

"Ile ya mu machine iko bure?"

"Iko bure. Picha katikati, mu duara, na maua ku kona zote ine."

"Na maua pia iko bure?"

"Bure, mama."

"Weka maua," akasema Kahambu kwa furaha.

Picha aliyokuwa nayo ni ile ya kadi ya uchaguzi, aliyopigwa baada ya kusimama foleni tangu alfajiri, naye hakuwa amecheka. Nani anayecheka kwenye foleni ile? Plamedi akaikuza. Ikabaki maandishi. Kahambu alikuwa ameyaandika kwenye karatasi ya daftari, mistari kumi na minne yenye utamu wote: maharagi ya namna gani, mafuta gani, bukari ya unga gani, karibuni wakubwa kwa wadogo. Plamedi akaisoma, akakuna kichwa.

"Mama, bei iko kwa mustari."

Hapo Kahambu aliomba kalamu moja ya sikioni akaanza kufuta. Alifuta unga. Alifuta mafuta. Alifuta wakubwa na wadogo, kwa sababu aliona ukisema "wote" wamo. Mwisho ilibaki mistari minne: jina lake kwa herufi kubwa, siku ya Alhamisi asubuhi, nyumbani kwake na jina la barabara, na "wote mufike."

"Na maharagi haiandikwe?" Plamedi akauliza, kwa haki ya Mungu aliuliza.

"Wakifika si watayaona?"

Plamedi alichapisha karatasi ishirini, na kwa kuwa ni kijana wa moyo mwema, jioni ya Jumatano alipokwenda kubandika misiba yake mitatu, alizibandika na za Kahambu kandokando kwa gundi yake mwenyewe: kituo cha magari, mlango wa soko, ukuta wa parokia. Nyingine alimpa rafiki yake anayekwenda mjini.

Kahambu hakuziona ukutani. Angeziona saa ngapi? Usiku kucha alichagua maharagi, na Alhamisi kabla ya mapambazuko alikuwa tayari jikoni nyuma ya nyumba, macho mekundu kwa moshi, simu ameipeleka kuchajiwa kwa jirani. Albertine alitoka mapema kwenda sokoni kuongeza samaki. Guelor akafika na turubai ya parokia, akaifunga mbele ya nyumba, akapanga viti kwa mistari, akasimika matawi ya mchikichi mlangoni ili pawe na uzuri. Akaingiza kichwa jikoni.

"Mama Kahambu, tuanze kuimba?"

"Anzeni! Na kwa nguvu, wasikie mpaka ku kituo!"

Bamama wa kwaya walikuwa wamevaa sare yao, sketi nyeusi na blauzi nyeupe. Wimbo waliokuwa wameushika vizuri siku hizo ulikuwa ule wa safari ya kwenda juu, kwa kuwa wiki mbili mfululizo walikuwa wameuimba makaburini. Wakauimba wote kwa sauti nne. Guelor mwenyewe alifumba macho.

Sasa wewe fikiria. Unapita barabarani asubuhi ya siku ya kazi. Jana umeona ukutani picha ya mama, nyeusi na nyeupe, maua pembe nne, hacheki, jina lake na "wote mufike." Leo unaona turubai, viti, matawi mlangoni kama kwenye msiba wowote, bamama wa nyeusi na nyeupe wanaimba safari ya juu, na nyuma ya nyumba moshi wa sufuria kubwa ya maharagi, chakula cha kila kilio toka mtaa wa Kenya hadi mtaa wa Ruashi. Kilichokosekana ni jeneza, na hilo watu walidhani liko njiani.

Wakafika. Huo ndio utu wa Katuba, watu wake wanaweza wasikujue ukiwa hai, lakini kilio hawakosi. Wauza mboga walifunga meza zao. Mafundi wa baiskeli walinawa mikono. Walifika wamefunga vitambaa kichwani, na kwa kuwa hakuna anayekwenda kilioni mikono mitupu, huyu alibeba unga, yule gunia la makala begani, mwingine chumvi na sabuni. Mzee Nkandu, kiongozi wa barabara, alivaa koti lake jeusi la sufu juani. Mtu mmoja akaibandua picha ukutani mwa kona, akaiegemeza juu ya meza mbele ya viti, akawasha mshumaa.

Kahambu huko nyuma alisikia minong'ono ya watu, viti vikivutwa, na moyo ukamruka kwa raha. "Publicité inafanya kazi!" aliiambia sufuria. Aliposikia watu wanalia alifikiri kwaya imepata upako.

Hapo Albertine akarudi kutoka sokoni na beseni la samaki kichwani. Alipofika kona akaona umati, akaona mshumaa, akaona picha. Naye Albertine ndiye aliyeitunga fête yote toka mwanzo hadi mwisho! Alijua turubai, alijua kwaya, alijua tangazo. Lakini macho yakiona kilio, akili ya nani inasimama kuhesabu? Beseni lilikwenda huku, samaki kule, na yeye akaanguka chini katikati ya barabara.

"Yoooo! Kahambu weee! Nilimuacha sasa hivi anakoroga! Sasa hivi! Mama Kahambu, unaniacha na nani?"

Sauti ile Kahambu aliijua. Hakuna kwaya yenye sauti ile. Alinyakua mwiko akaingia chumbani, akafika nyuma ya pazia linalotenganisha chumba na barabara, akachungulia kwa jicho moja. Akajiona mwenyewe mezani, katika duara, na mshumaa mbele yake.

Jambo la kwanza lililomjia lilikuwa kucheka, na la pili kukimbilia nje akipiga kelele kwamba yu hai. Mguu ulikuwa umekwisha kuinuka. Lakini mama mmoja pale karibu na pazia, Victorine muuza mboga, alikuwa akimwambia mwenzake huku anafuta machozi:

"Miye nilikula maharagi yake mara moja tu. Moja tu, mama! Ningejua, ningekula tena."

"Na miye nilipitaga hapa kila siku," mwenzake akasema. "Alikuwa ananisalimia kwa ile Kiswahili yake ya kule kwao. Sikumujibu vizuri hata siku moja. Roho inaniuma."

Mguu wa Kahambu ukarudi chini. Machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. Miaka miwili alikuwa akidhani hakuna anayemwona katika mji huu, na kumbe wamemwona, wameonja, wamesikia hata namna anavyosalimu. Alilia kweli, kwa uchungu na kwa raha pamoja, mwiko kifuani, maharagi yanamchuruzika kwenye kitenge.

Gari likasimama nje. Akateremka Émile.

Émile alikuwa ameliona tangazo mjini, ukutani karibu na duka lake. Alipiga simu ya Kahambu, haikuita. Alimpigia Édouard aliyekuwa njia ya Kolwezi, haikupatikana. Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo halijawahi kutokea, na wafanyakazi wanasema hakurudi kuvuta kufuli. Alifika amevimba macho. Watu wakampisha, wakamnong'oneza Mzee Nkandu kwamba huyu ndiye mkubwa wa familia, na mkubwa wa familia akifika kilioni lazima aseme neno. Guelor akanyamazisha kwaya. Émile akavua kofia.

"Ndugu," akaanza, na sauti ikamkatika. Akakohoa. "Ndugu, aksanti kwa kufika. Huyu shemeki yangu alikuwa muntu wa kazi. Miye nilimufanyia mubaya."

Kahambu nyuma ya pazia akakauka kama kigogo.

"Hii chumba munaona, nilimuambia nitamunyanganya. Juu ya magodoro! Nilifikiri hana bantu. Leo ninaona bantu mpaka ku barabara, viti haienee. Yeye alikuwa na bantu, miye njo sikuona."

Sasa, muungwana angetoka hapo. Mtu mwema, mtu wa sala, angefunua pazia akamwokoa shemeji yake na aibu. Na Kahambu ni mtu wa sala, kila Jumapili yuko kiti cha tatu. Lakini mbele ya macho yake chumba kilikuwa kinazungumzwa na mwenye chumba, mbele ya mashahidi mia na zaidi, kofia mkononi. Angetoka? Aka! Aliushika mwiko kwa mikono miwili, akaomba Mungu amsamehe baadaye, akangoja.

"Kwa hiyo nasema mbele yenu wote," Émile akaendelea, machozi yanaingia ndevuni, "hii chumba ni ya Kahambu. Hakuna godoro litaingia humu. Jina lake litaandikwa ku mulango, na bantu bataendelea kula maharagi humu. Kama miye nadanganya, Mungu anisikie."

"Amina!" umati ukaitika.

"Shemeki," ikasema sauti nyuma ya pazia, kwa upole kabisa, "ile ya mwisho rudia kidogo. Ya jina ku mulango."

Lo! Kilichofuata hakisimuliki kwa mpangilio. Bamama wa kwaya walipita juu ya viti kama viti havikuwapo. Fundi baiskeli mmoja aliingia chini ya meza na mshumaa. Victorine alianguka mikononi mwa Guelor, naye Guelor akaanguka mikononi mwa Victorine, wote wawili wakalala chini. Mzee Nkandu peke yake hakukimbia, lakini wanaosema ni kwa ushujaa waulize magoti yake. Na Kahambu akatoka kwenye pazia, amelowa jasho na machozi, mwiko mkononi, unadondosha maharagi.

"Mimi ni muzima!" alipaza sauti. "Ni tangazo! Ni tangazo la maharagi tu!"

Albertine ndiye wa kwanza kumsogelea. Alimgusa shavu, akamfinya mkono, akanusa mwiko. Kisha akampiga kofi la bega, la nguvu, akamkumbatia akilia upya.

Cheko lilianzia chini ya meza, kwa yule fundi, likaenea. Lakini si wote waliocheka. Mzee Nkandu alikuwa amekunja uso chini ya jasho.

"Kifo haichezewi, mama," alisema. "Tumefunga kazi. Miye nimevaa hii koti mu hii jua. Bantu wameleta bintu vya kilio, unga na makala, na kwetu bintu vya kilio hairudi mu nyumba. Sasa tufanye nini?"

Wengine walianza kutazama mifuko yao ya unga kwa mashaka, na wawili watatu walikuwa wameshageuka kuondoka. Kahambu aliona mambo yanamponyoka. Akapiga magoti pale mchangani mbele ya Mzee Nkandu, na hakuwa anaigiza.

"Baba, munisamehe. Sikutaka kucheza. Nilitafuta bei ndogo, nikafuta maneno, nikafuta mpaka maharagi yenyewe. Lakini vile mumenililia leo, mimi sijaliliwa hivyo hata na kwetu. Kama bintu hairudi, basi isirudi. Nitaipika yote, sasa hivi, na hakuna atatoka hapa na njaa."

Mzee Nkandu alimtazama. Alitazama magunia ya makala. Upepo, asifiwe aliyeuumba, ukaleta harufu ya sufuria upande wake.

"Poaro iko ndani?" akauliza.

"Iko, baba."

Akavua koti.

Basi siku hiyo Katuba ilikula! Waliokuja kuomboleza waliosha sahani. Makala ya kilio yaliwasha majiko matano barabarani, unga wa kilio ukawa bukari, samaki wa Albertine waliookotwa mchangani walioshwa mara tatu wakakaangwa. Guelor alibadili wimbo. Watu walionja, wakanyamaza kama inavyotakiwa, wakautazama mwiko. Plamedi alipopita kuona kwa nini kuna kelele, walimkamata wakamkalisha wakamlisha huku wanamtukana kwa upendo. Na wale waliofika wamechelewa, wakilia toka kona, walipokelewa kwa vicheko wakapewa sahani kabla hawajafuta machozi.

Émile alikuwa ameketi. Ndiyo, Émile! Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki ndani ya chumba, kofia gotini, kama mtu aliyepigwa na kitu asichokiona. Alijaribu kitu kimoja tu. Alimwita Mzee Nkandu kando akamwambia kwa sauti ya chini kwamba, kwa kweli, maneno yale aliyasema kwa marehemu, na marehemu hayupo, kwa hiyo pengine maneno nayo...

"Ulivua kofia?" Mzee Nkandu akamuuliza, mdomo umejaa.

"Nilivua."

"Tulisema amina?"

"Mulisema."

"Basi kula."

Akala. Alikula sahani ya kwanza amekunja uso, ya pili akiwa amekunjua. Kahambu alimpelekea ya tatu mwenyewe, akasimama mbele yake, na hapo ndipo alipoanza kuogopa, maana mbele za watu ni rahisi, lakini sasa walikuwa wawili tu.

"Shemeki," alisema, "kama uliyasema kwa uchungu tu, niambie. Sitakulaumu."

Émile aliingiza mkono mfukoni, akatoa fungu lake la funguo, lile zito, na akahangaika nalo kwa kucha mpaka ufunguo mmoja ukatoka. Akauweka kando ya sahani, juu ya meza. Kisha akaanza kula bila kumtazama.

Kahambu aliuchukua. Ulikuwa na joto la mfuko. Alitaka kusema aksanti, akasema kitu kingine.

"Nikuongeze maharagi?"

"Ongeza," alisema Émile, na sauti ikamkatika tena, vilevile kama pale mbele ya mshumaa. "Lakini siku ingine, shemeki, kabla ya kufa, unitelefonie."